Nzohe wa Mto Kagera

Sisi watu wa visiwani tumezoea kutamka "bara" kama kwamba ni chumba kimoja kisicho na kuta. Na ndani ya chumba hicho Karagwe imewekwa pembe ya mbali kabisa, kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambako nchi yapakana na Rwanda na Uganda. Lakini ni nchi ya maji. Ruvuvu utokao Burundi hukutana, karibu na maporomoko ya Rusumo, na mto utokao Rwanda ambao huko juu huitwa Nyabarongo. Kutoka hapo Kagera huenda kaskazini ukiitenga Rwanda na Karagwe, na kisha Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ufikapo pembe ya nchi tatu hugeuka mashariki, hupita Kyaka, na kujimimina katika ziwa Viktoria. Hapana mto ulipao ziwa hilo maji mengi kuushinda huu. Kandokando yake ni vinamasi vya mafunjo na maziwa madogo yaliyojibanza katikati ya vilima.

Kiswahili kilifika huko mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, ndani ya ufalme wa Karagwe, wakipeleka nguo na ushanga na kurudi na pembe za ndovu. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alikuwa amekwisha kufika Buganda katika zama za Kabaka Suna, na mwaka 1876 Stanley alimkuta Kafuro akiishi kama mtu aliyesahau njia ya kurudi. Basi Speke na Grant walipopanda kwa mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, wakifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni na kufikishwa Bara Hindi, mfalme aliwaamkia kwa Kiswahili. Speke mwenyewe aandika kuwa kilikuwa Kiswahili kizuri. Akawauliza waionaje nchi yake, kwani yeye aliona hapana milima mizuri kama ile duniani. Na ziwa je, halikuwapendeza?

Jambo hili lanivutia zaidi ya habari zote za chanzo cha Nile. Mfalme wa bara, kwa lugha yetu, ajivunia ziwa mbele ya mgeni! Na mgeni alifanya nini? Alilipa ziwa lile jina la ziwa la kwao Uingereza, Windermere, akaongeza neno "dogo". Stanley naye alipopita miaka kumi na mitano baadaye aliuita mto mzima kwa jina la Alexandra, binti wa kifalme. Majina yote mawili yamekufa vitabuni. Kagera umebaki Kagera; na mwaka 1979, baada ya vita vya kumwondoa Idi Amin aliyeivamia ardhi ya kaskazini ya mto huo mwaka uliotangulia, mkoa mzima wa Ziwa Magharibi ulipewa jina lake.

Jina moja lililobaki kwa Speke ni la mnyama. Katika mafunjo ya Karagwe huishi swala wa majini, mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame matopeni, na manyoya yenye mafuta yasiyopitisha maji. Akitishwa hujizamisha mpaka zikabaki pua tu juu ya maji. Wataalamu walimwita *Tragelaphus spekii*. Speke alimwandika kwa jina alilolisikia huko huko, nzoé, na kamusi zetu za Kiswahili zinalo neno hilo mpaka leo: nzohe. Mimi niliyefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi bila ya kufundishwa na mtu, hulihesabu neno hilo kuwa miongoni mwa mali zetu zilizotoka mbali. Mshairi wa Lamu au wa Pemba aweza kulitia katika vina vyake pasipo kumwona mnyama mwenyewe maishani.

Lakini si kila neno lililotoka Karagwe ni la kufurahia. Katika kuzungumza na mwenyeji wake, Speke alimwambia kuwa wazee wake walitoka Uhabeshi. Hakuwa na ushahidi. Alitazama pua na kimo cha watu wa mfalme, akaona haiwezekani ufalme wenye adabu kama ule uwe umezaliwa pale pale. Kitabu chake cha 1863 kilitoa sura nzima kwa dhana hiyo, kwamba wafugaji wa nchi zile ni wageni waliowatawala wakulima. Wakoloni wa Kijerumani na wa Kibelgiji waliipokea, wakaijengea nyumba Rwanda. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia watu mkutanoni, huko Kabaya, kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia fupi ya mto Nyabarongo.

Mwaka 1994 mto uliwabeba. Maiti kwa maelfu walipita Rusumo, wakapita mbele ya Karagwe na Kyerwa, wakaingia ziwani, ambako wavuvi wa Kasensero upande wa Uganda waliwaopoa na kuwazika. Watu wa kando ya ziwa waliacha kula samaki. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi; Ngara na Karagwe zikawapokea, na misitu mingi ikakatwa kuni.

Wanyama nao wana historia yao ya kuvuka. Miaka ya 1957 na 1958 faru weusi wachache walichukuliwa kutoka Karagwe, wakavushwa mpaka hifadhi ya Akagera upande wa pili. Walizaana, kisha wakawindwa, mpaka wa mwisho alionekana huko mwaka 2007. Baada ya mauaji ya 1994 zaidi ya nusu ya hifadhi ile iligawiwa watu waliorudi kutoka uhamishoni. Faru weusi walirejeshwa Akagera mwaka 2017, safari hii kutoka Afrika ya Kusini. Na upande wetu, mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika Orugundu yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019: Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika-Karagwe. Yule mfalme aliyeuliza kama ziwa limependeza sasa ni jina la hifadhi. Kafuro haina jengo la kuonyesha wageni, wala sijasikia utenzi wa pwani uliomtaja Ahmed bin Ibrahim, ingawa pembe alizozituma huku zilinunua nyumba nyingi za mawe. Nzohe yumo bado katika mafunjo ya Kagera, pande zote mbili za mpaka, na hutoka kula jua likichwa.