Mirathi Baada ya Msiba: Haraka ni ya Mnunuzi, si ya Marehemu



Waswahili husema kufa kufaana. Methali hiyo inataja jambo ambalo sisi mapadre hukutana nalo katika nyumba za msiba: kabla matanga hayajaanuliwa, wapo waliokwisha kupiga hesabu ya alichokiacha marehemu. Dalali huja na mkono wa pole, na kabla hajaondoka huacha bei ya shamba. Mwingine hutaka kukodi mikarafuu ya msimu unaokuja, fedha taslimu, leo leo. Kishoka hudai kwamba anajuana na watu mahakamani na mirathi itakwisha ndani ya wiki moja. Mjane, ambaye hajalala siku tatu, huwekewa karatasi mbele yake na kuombwa dole gumba.

Makala haya yanaeleza njia halali ya kushughulikia mali ya marehemu kwa familia ya Kikatoliki inayoishi Pemba, na namna ya kukataa shinikizo bila kuvunja adabu. Neno letu kuu ni moja: haraka ni ya mnunuzi. Haitoki kwa marehemu, wala kwa sheria, wala kwa Kanisa.

Mafundisho ya Kanisa

Maandiko Matakatifu yanakataza kumwonea mjane na yatima (Kut 22:22), na Bwana wetu aliwakemea wale waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Mk 12:40). Nabothi alikataa kumwachia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, akauawa kwa ajili yake (1Fal 21). Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai sehemu ya baba yao, na Mungu akasema wana haki (Hes 27). Abrahamu naye, akiwa katika maombolezo ya Sara, alinunua mahali pa kumzika kwa bei iliyotajwa wazi, mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji (Mwa 23). Mauziano ya halali hayaogopi mashahidi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2409) inahesabu miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Kwa mantiki hiyo hiyo, anayemshushia mfiwa bei ya shamba kwa kuwa anajua amebanwa na gharama za mazishi anatenda dhambi, hata kama karatasi zake zina mihuri yote.

Mali hiyo sasa ni ya nani?

Mtu akifariki, mali yake haiangukii moja kwa moja mikononi mwa kaka mkubwa, wala mjane, wala mtoto aliyekuwa akiishi naye. Mali inangoja msimamizi anayetambuliwa na mahakama. Ikiwa marehemu aliacha wosia na kumtaja wa kuutekeleza, mahakama humthibitisha huyo. Ikiwa hakuacha wosia, mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Yeye hukusanya mali, hulipa madeni ya kweli, hugawa kwa warithi na kutoa hesabu. Msimamizi ni mdhamini tu wa mali ya wengine. Anayejigeuza mwenye mali huwa amewaibia warithi.

Kikao cha ukoo ni jambo jema. Kinapatanisha, kinapendekeza jina la msimamizi, na muhtasari wake huisaidia mahakama. Lakini kikao hakiwezi kumpa mtu mamlaka ya kuuza. Anayeuza mali ya marehemu bila kuteuliwa anauza kisicho chake, na mnunuzi aliyelipa anajiingiza katika kesi.

Vivyo hivyo kuhusu fedha zilizo benki au katika simu ya marehemu. Kujua namba ya siri ya marehemu hakumpi mtu haki ya kutoa fedha hizo. Zinaingia katika orodha ya mali, na hutolewa na msimamizi.

Njia ya mahakama kwa Mkristo wa Pemba

Baadhi ya waamini hudhani kwamba mirathi yote ya Zanzibar huenda kwa Kadhi. Sivyo. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 inaipa mahakama hiyo mambo ya Waislamu: ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo, katika kazi yake ya mirathi, huwahudumia Waislamu. Mirathi ya Mkristo hupelekwa katika mahakama za kawaida. Mahakama Kuu ya Zanzibar ina shughuli zake Pemba, mjini Chake Chake, kwa hiyo familia ya Tibirinzi haina haja ya kuvuka bahari ili kuanza. Ofisi ya masjala itaeleza ngazi ya mahakama inayofaa.

Hatua za mwanzo ni hizi:

1. Andikisheni kifo kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar na mpate cheti cha kifo. Sheha wa shehia ni mtu wa kwanza wa kumwendea kwa utambulisho.
2. Njooni ofisi ya parokia kwa cheti cha ubatizo na cha ndoa ya marehemu. Kanisa huweka madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya marehemu, na nakala zake huwasaidia mjane na watoto kuthibitisha uhusiano wao. Zinasaidia pia kuonyesha dini ya marehemu, jambo la maana katika ukoo wenye Wakristo na Waislamu.
3. Andikeni orodha ya mali na madeni mapema, mbele ya mashahidi. Mali bila daftari huisha bila habari.
4. Fanyeni kikao, mkubaliane juu ya msimamizi mwaminifu, na mwandike muhtasari wenye saini za waliohudhuria. Wanawake wa familia waitwe na wasikilizwe.
5. Pelekeni ombi mahakamani. Mwenye maslahi asiyeridhika ana haki ya kuweka pingamizi, na kufanya hivyo si kukosa adabu kwa ukoo.

Anayehitaji msaada asikimbilie mtu aliyemkuta nje ya lango la mahakama. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina ofisi pia Pemba, na wasaidizi wa sheria wapo katika wilaya zetu. Mkimwajiri wakili, ulizeni leseni yake, mkubaliane malipo kwa maandishi, na mdai risiti. Ada ya mahakama hulipwa kwa utaratibu wa serikali na hutolewa stakabadhi. Fedha inayoombwa “ya kusukuma faili” ni rushwa, na hatuwezi kuibariki kwa jina lolote.

Mafao ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa ZSSF, NSSF au PSSSF huombwa katika mfuko wenyewe. Hakuna sababu ya kumwahidi mtu wa kati fungu la fedha za yatima.

Wenye mali Tanzania Bara

Waamini wetu wengi wana asili ya Bara, na huacha huko nyumba au shamba la ukoo. Mahakama Kuu ya Zanzibar na ile ya Tanzania Bara ni mahakama mbili tofauti, na sheria zao za mirathi ni tofauti. Msimamizi aulize mapema taratibu za mahali mali ilipo, asidhani kwamba hati ya Chake Chake itafungua kila mlango wa Moshi au Songea.

Sheria ya Bara inatusaidia pia kupima hoja ya haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, humpa msimamizi miezi 6 tangu kuteuliwa kuwasilisha orodha ya mali, na mwaka 1 kutoa hesabu. Ombi linaloletwa baada ya miaka 3 tangu kifo linatakiwa kueleza sababu ya kuchelewa. Hatusemi mkae miaka. Uzembe nao huzaa ugomvi na huwaumiza watoto. Lakini sheria inayohesabu kwa miezi haimtaki mjane aamue kabla ya machweo. Anayemwambia hivyo anasema kwa faida yake mwenyewe.

Shamba, mikarafuu na nyumba

Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwananchi huwa na haki ya kuitumia. Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya mwaka 1994 inataka uhamisho wa kudumu wa ardhi upitiwe na bodi maalumu. Eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake zaidi. Basi karatasi iliyoandikwa barazani usiku, hata ikiwa na mashahidi wawili, haitoshi kuhamisha shamba. Nendeni Kamisheni ya Ardhi mkaulize kabla ya kupokea hata shilingi moja ya “kishika bei”.

Kwetu Pemba mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe tofauti. Kwa hiyo orodha ya mali itaje mikarafuu na minazi kwa idadi na mahali ilipo, pamoja na mikataba yoyote ya kukodisha aliyoiacha marehemu. Msimu ukikaribia na msimamizi hajateuliwa, familia iweke mtu wa kulinda na kuvuna kwa niaba ya warithi wote, na hesabu ya karafuu iandikwe. Kukodisha miti kwa miaka kadhaa ili kulipia shughuli ya siku moja ni kumwuza mtoto chakula chake.

Jibu la heshima kwa mnunuzi ni hili: “Ahsante kwa kutufikiria. Mambo ya mali yatazungumzwa na msimamizi, mahakama itakapomteua.” Mnunuzi mwema atangoja. Akikasirika, amewaonyesha nia yake.

Jeneza, karamu na mikopo

Shinikizo la biashara huanza hata kabla ya mazishi. Familia huambiwa kwamba jeneza la bei ndogo ni aibu, kwamba sare za kitenge ni lazima, kwamba kaburi lijengwe kwa vigae kabla ya arobaini. Heshima ya marehemu haipimwi kwa hayo. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na Kanisa linamzika maskini kwa ibada ile ile ya tajiri. Kamati ya mazishi iteue mtu mmoja wa kununua, asiye mfiwa wa karibu, aulize bei kwa mafundi wawili au watatu. Rambirambi, au ubani kama wanavyouita jirani zetu, ziandikwe katika daftari, na hesabu isomwe mbele ya wafiwa.

Tunawasihi sana mjiepushe na mikopo ya kausha damu. Hati ya nyumba isiwekwe rehani kwa ajili ya pilau. Jirani zetu Waislamu huzika upesi na kwa sanda tu, na hakuna anayesema hawakuwaheshimu wafu wao.

Kanisa halidai

Sheria ya Kanisa (kan. 1181) inaagiza kwamba katika sadaka za mazishi pasiwe na upendeleo wa watu, wala maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kuhusu nia za Misa, kan. 947 inataka hata sura ya biashara iepukwe kabisa. Asiye na kitu asiogope kuomba Misa kwa ajili ya marehemu wake. Mtu yeyote anayekusanya fedha kwa wafiwa kwa jina la parokia bila stakabadhi ya parokia, ripotini kwa paroko.

Tunajiwekea kanuni hiyo hiyo sisi wenyewe. Ikisemwa kwamba marehemu aliahidi kiwanja kwa kanisa, parokia haitakipokea katika siku za matanga. Kan. 1299 na 1300 zinatutaka kuheshimu nia ya mtoaji na kufuata, inapowezekana, taratibu za sheria ya nchi. Tutangoja msimamizi, kama tunavyowataka wengine wangoje.

Ikiwa mtu amekwisha kusaini

Asijifiche kwa aibu. Asipokee fedha nyingine, na zile alizopokea asizitumie. Aombe nakala ya karatasi aliyoisaini, aandike tarehe na majina ya waliokuwapo, amjulishe sheha, na aende kwa msaada wa kisheria siku hiyo hiyo au kesho yake. Mauzo yaliyofanywa na asiye msimamizi yanaweza kupingwa, lakini kila mwezi unaopita humpa mnunuzi nafasi ya kujenga na kupanda.

Wajibu wa walio hai

Kinga iliyo bora huandaliwa na aliye hai. Andika wosia ungali na afya, kwa saini yako na mashahidi wawili wasionufaika nao, umtaje wa kuutekeleza, na mwenzi wako ajue ulipowekwa. Taja madeni yako pia. Hati za shamba, vyeti na kadi za mifuko ya jamii ziwekwe mahali pamoja. Baba anayeficha hati ili asionekane anangoja kufa huwaachia watoto wake kazi ya kubishana na dalali.

Familia iliyofiwa na isiyojua pa kuanzia ije ofisi ya parokia na cheti cha kifo, au hata bila cheti. Hatutawafanyia kazi ya mahakama. Tutawaandikia vyeti vya Kanisa, tutawaelekeza kwa wasaidizi wa sheria, na karatasi yoyote mliyoletewa mtiliwe saini, tutaisoma pamoja nanyi kabla kalamu haijashikwa.