Siku ya Kusema Kama Maharamia: Habari za Lahaja Waliyobandikwa Wasio Wenyewe

Miongoni mwa siku nyingi za ajabu ambazo Wamarekani huziadhimisha pasipo amri ya serikali wala ya dini, iko moja inayowahusu wataalamu wa lugha kuliko nyingine zote. Nayo ni tarehe 19 Septemba, siku ambayo watu hualikana kusema kama maharamia wa zamani tangu asubuhi hata usiku. Mwenye kuiadhimisha hahitaji mavazi wala chakula maalumu. Hutakiwa kubadili ulimi tu. Huikaza r mwishoni mwa maneno, huitikia kwa mlio wa "arr", na hutumia kitenzi "be" kwa nafsi zote bila kukigeuza. Sikukuu yenyewe ni mzaha. Walakini usemi huo una asili yake, na asili hiyo ina mafundisho kwa kila anayeshughulika na lahaja.

Desturi ya kubuni siku za namna hii si ngeni nchini Marekani. Mwaka 1957 William D. Chase, wa mji wa Flint katika jimbo la Michigan, alianza pamoja na nduguye kuzikusanya katika kalenda iliyochapishwa mwaka hata mwaka, na humo sikukuu za taifa ziliwekwa bega kwa bega na siku za vyakula, za wanyama na za michezo. Siku ya maharamia ilizaliwa baadaye sana, tarehe 6 Juni 1995, katika mji wa Albany, jimbo la Oregon. Marafiki wawili, John Baur na Mark Summers, walikuwa wakicheza mchezo wa kupiga mpira ukutani, wakaanza kutupiana maneno kwa lafudhi ya maharamia, wakaona ya kuwa jambo hilo lastahili siku yake. Hawakuichagua tarehe ile ile, kwa sababu tarehe 6 Juni ni kumbukumbu ya majeshi yaliyoshuka pwani ya Normandy mwaka 1944. Wakachukua tarehe 19 Septemba, siku ya kuzaliwa ya mtalaka wa Summers, ambayo yeye aliikumbuka bila taabu.

Kwa miaka saba siku hiyo ilijulikana kwao na kwa rafiki zao wachache tu. Mwaka 2002 walimwandikia Dave Barry, mwandishi wa makala za kuchekesha ambazo zilichapishwa katika magazeti mengi ya Marekani. Naye akaitangaza, na tangu hapo ikaenea hata nje ya nchi ile. Basi hii ni sikukuu ambayo mwanzo wake wajulikana kwa mwaka, kwa mwezi na kwa siku, jambo lililo adimu katika historia ya mila.

Swali linalobaki ni hili: wale marafiki wawili waliupata wapi usemi walioutupiana? Hawakuupata kwa maharamia, bali kwa sinema. Kitabu cha Robert Louis Stevenson kiitwacho Treasure Island kilitolewa mwaka 1883, na wasomaji wa Kiswahili wamekijua kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ambayo Frederick Johnson alikuwa na mkono ndani yake, yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Halmashauri ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Katika hadithi hiyo haramia Long John Silver ni mwenye mkahawa wa pombe katika bandari ya Bristol, magharibi mwa Uingereza. Kitabu kilipofanywa sinema mwaka 1950, Silver aliigizwa na Robert Newton, aliyezaliwa mwaka 1905 huko Shaftesbury, katika wilaya ya Dorset, upande huo huo wa kusini-magharibi. Newton alikitwaa Kiingereza cha upande wa kwao, akakikuza na kukizidisha mpaka kikawa kihoja. Mwaka 1952 aliigiza tena haramia, Blackbeard, na mwaka 1954 akamrudia Silver. Waigizaji waliomfuata walimwiga yeye, na watazamaji wakadhani ya kuwa ndivyo maharamia walivyosema.

Ukichunguza alama za usemi huo moja moja, utaona kuwa hazina uhusiano na bahari. Katika Kiingereza cha London na cha shule, sauti r inayofuata irabu ilikwisha dhoofika na kutoweka katika karne ya 18, lakini watu wa magharibi waliendelea kuitamka kwa ukamilifu. Neno "arr" kwao si mlio wa kutisha. Ni "naam" ya kila siku, ya mkulima anayemwitikia jirani yake. Hali kadhalika kusema "be" mahali ambapo Kiingereza cha shule chataka maumbo matatu ni sarufi ya kale iliyohifadhiwa mashambani. Kwa hiyo anayejidai kusema kama haramia husema, kwa kweli, kama mzee wa shamba wa Dorset au Devon aliyetiwa chumvi.

Haikanushiki kwamba baadhi ya maharamia walitoka sehemu hizo. Henry Every, aliyeiteka merikebu ya Mfalme wa Wamoghuli mwaka 1695, alikuwa mtu wa Devon, na Blackbeard, aliyeuawa mwaka 1718, hudhaniwa kuwa ni wa Bristol. Lakini William Kidd alikuwa Mskoti, na Bartholomew Roberts, aliyeuawa mwaka 1722 karibu na rasi ya Lopez katika pwani ya Gabon, alikuwa mtu wa Wales. Katika merikebu zao walichanganyika Waingereza, Waayalandi, Waholanzi, Wafaransa na Waafrika. Watu wa makabila mengi hivyo hawawezi kuwa na lahaja moja. Labda walikuwa na lugha ya kazi, kama mabaharia wote walivyo nayo.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo haikuwa mbali na habari hizo. Mwaka 1697 Kidd alifika Komoro, akaikalisha merikebu yake ufukoni Mwali ili isafishwe tumbo, na watu wake wengi wakafa huko kwa maradhi. Kiswahili kina jina lake kwa watu wa kazi hiyo, nalo limetoka katika Kiarabu, katika shina lile lile lililozaa haramu: haramia ni mtu wa yaliyokatazwa. Neno la Kiingereza limetoka katika Kiyunani, kwa kitenzi chenye maana ya kujaribu. Mzungu basi alimpa jina kwa ujasiri wake, na Mswahili akampa jina kwa kosa lake.

Tofauti hiyo si ya kamusi peke yake. Mwezi Juni mwaka 2005, wakati ambapo siku ya mzaha ilikuwa imekwisha enea, meli Semlow ya Mombasa, iliyokodiwa na Shirika la Chakula Duniani kupeleka mchele Somalia, ilitekwa na maharamia wa kweli. Mabaharia wake, ambao wengi wao walikuwa Wakenya, walizuiliwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa jamaa zao waliongoja Mombasa, haramia hakuwa mtu wa "arr". Ndipo lionekanapo jambo lenyewe: siku kama hii haiwezekani mpaka neno limekwisha tengwa na kitu chake. Maharamia wametolewa, wenye lahaja wametolewa, imebaki sauti ya mwigizaji.

Imetokea kwamba mwaka huo huo wa 1950, ambapo sinema ya Newton ilitolewa, Harold Orton na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Leeds walianza uchunguzi mkubwa wa lahaja za Uingereza. Hata kufikia mwaka 1961 walikuwa wamezuru mahali 313, wakiwahoji hasa wazee wa mashambani na kuandika matamshi yao neno kwa neno. Basi r ile ile ilikuwa ikichukuliwa kwa njia mbili wakati mmoja: Hollywood iliichukua kwa kicheko, na Leeds kwa daftari. Kicheko kilienda mbali zaidi. Lakini ni kwa sababu ya daftari kwamba leo mtu aweza kuthibitisha kuwa sauti hiyo ilikuwa mali ya wakulima.

Katika miaka hiyo hiyo Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa Makerere, ilifanya kazi ya jinsi hiyo. Wilfred Whiteley alitoa habari za Kimtang'ata mwaka 1956 na za lahaja za Pemba mwaka 1958, H. E. Lambert akatoa Kivumba mwaka 1957, kisha Chijomvu na Chichifundi mwaka 1958. Vitabu hivyo ni vyembamba, na vina thamani kubwa.

Kiswahili sasa kina siku yake. UNESCO iliitangaza mwezi Novemba mwaka 2021, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 2022, kwa tarehe iliyo pia ya kuundwa kwa TANU mwaka 1954. Ni siku ya heshima, wala hailingani na mzaha wa Oregon. Hata hivyo hotuba zake hutolewa kwa Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Na lahaja nyingine, zinapopandishwa jukwaani, huwa hatarini kuwa lafudhi ya kuchekesha inayotamkwa na mtu asiye mwenyewe. Mwigizaji akisha kuipa lahaja sura yake, ni vigumu kuirudisha kwa watu wake. Yafaa basi wanafunzi wa lugha waende Mtang'ata, Vanga na Makunduchi na daftari zao mapema, wazee wangalipo wa kuulizwa, ili siku mwigizaji atakapofika, pawe na maandishi ya kumsahihisha.