Pingu, Kongwa na Mbuzi wa Ntheo

Novemba 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Rabai, alishika njia ya bara kwa miguu. Akapita Kikumbulyu, pande za Kibwezi katika Makueni ya leo, hadi Kitui kwa Kivoi, tajiri Mkamba wa pembe za ndovu aliyefahamika mpaka Mombasa. Tarehe 3 Desemba, akiwa huko, aliuona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata msamiati wake wa lugha sita za Afrika Mashariki ulichapishwa: Kiingereza kimetangulia, Kiswahili na Kikamba vinafuata.

Kiingereza hicho kina tabia ya kuita chuma cha mfungwa kwa jina la kiungo. “Fetter” ni ndugu wa neno lao la mguu. “Manacle” limetoka kwenye mkono wa Kilatini, likapitia Ufaransa. Pingu ya Kiswahili haijali kiungo: kuna za mikono na za miguu. Ukilisikiliza neno, utasikia kupinga, na utakumbuka pingo, ule mti wa kukomea mlango.

Chuma kilikuwa ghali. Katika misafara ya watumwa ya karne ile, shingo ilibanwa kwa kongwa, panda ya mti iliyokatwa porini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Baadaye ikaja serikali ya kikoloni na askari wake, na pingu ikawa mali ya serikali.

Ajabu ni mahali neno lilipohamia. Leo gazeti likisema fulani na fulani wa mji wa Wote wamefunga pingu za maisha, hakuna anayeuliza wameiba nini. Watu huuliza kama pilau ilitosha. Waingereza nao wana “wedlock”, na wengi wao hudhani ndani yake mna kufuli. Hamna. Kipande hicho cha mwisho ni kiambishi cha kale kinachotaja tendo tu, na cha kwanza ni ahadi. Sisi ndio tuliotia chuma.

Wakamba wenyewe hawakukihitaji. Kwao kinachofunga ndoa ni ntheo: mbuzi, kwa kawaida watatu, wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Mahakama za Kenya zimeamua zaidi ya mara moja kwamba bila ntheo hakuna ndoa ya kimila ya Kikamba, hata kama wawili hao wameishi pamoja miaka mingi. Kwa hiyo mjane anayedai urithi hukaa kizimbani Kitui au Makueni akiulizwa habari za mbuzi: walikuwa wangapi, nani aliwapeleka, nani aliwapokea.