Mtambo Uliorudishwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara huielewa methali hiyo kwa fedha zake. Lakini yafaa nawe, msomaji, uielewe kwa elimu pia. Elimu ya kompyuta ni changa, na ungedhani kwamba mwanzo wake unajulikana wazi kama mchana. Sivyo. Mmoja katika mitambo yake ya kwanza ulikaribia kusahauliwa kabisa, wala haukuharibiwa na mchwa au moto wa bahati mbaya, bali na amri.

Jina la mtambo huo ni Colossus. Katika Vita vya Pili vya Dunia, majemadari wa Ujerumani walipelekeana habari kwa maandishi ya fumbo yaliyotengenezwa na mashine iitwayo Lorenz. Waingereza waliofumbua mafumbo ya adui walikusanyika Bletchley Park, kaskazini ya London. Mwaka 1942 mmoja wao, Bill Tutte, aligundua jinsi Lorenz ilivyoundwa, ingawa hakuwa ameiona kwa macho. Lakini kujua kufuli lilivyoundwa si sawa na kulifungua kila siku; hesabu zilizotakiwa zilipita nguvu za binadamu.

Ndipo Tommy Flowers, mtoto wa mwashi na fundi wa simu katika Posta ya Uingereza, alipotoa shauri la kujenga mtambo wa valvu zipatazo 1,600. Valvu ni vibuyu vidogo vya kioo, vinavyowaka mfano wa taa. Wengi hawakuamini, kwa sababu valvu zilisifika kwa kuungua upesi. Flowers alikuwa amejifunza katika kazi ya simu kwamba valvu huharibika hasa zinapowashwa na kuzimwa. Zikiachwa kuwaka daima, hudumu. Mwanzoni mwa mwaka 1944 mtambo ulianza kazi, ukisoma herufi 5,000 kwa sekunde moja kutoka katika utepe wa karatasi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mitambo kumi ya namna hiyo ilikuwa imekwisha jengwa, ikiendeshwa na wasichana wa jeshi la wanamaji.

Usidhani kwamba kazi ya mafumbo ilikuwa mbali na pwani yetu. Mwaka 1942 wafumbuzi wa Kiingereza walihamia Mombasa, wakakaa katika shule ya Allidina Visram, iliyotwaliwa kwa ajili ya vita. Hawakuwa na Colossus, lakini humo walifumbua maandishi ya siri ya meli za biashara za Wajapani. Shule hiyo ingali inasomesha. Je, ni wangapi wanaojua yaliyotendeka ndani yake?

Amani ilipokuja, mitambo mingi ya Colossus ilivunjwavunjwa. Mwaka 1960 Flowers aliamriwa aiangamize michoro yake, naye akatii. Jasho la akili yake likaishia katika tanuri. Wafanyakazi wenzake walikuwa wameapa kunyamaza, wakanyamaza. Mwaka 1946 Wamarekani waliuonyesha ulimwengu mtambo wao, ENIAC, na kwa karibu miaka thelathini vitabu vikaupa heshima ya kutangulia. Mtambo huo ulistahili sifa nyingi, lakini hiyo haikuwa yake. Wala mwandishi hakusema uongo: aliandika alichokiona, na kweli ilikuwa majivu.

Siri ilianza kufunguliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1993 mhandisi Tony Sale aliazimia kuujenga mtambo upya. Alikuwa na picha chache zilizopigwa mwaka 1945, na vipande vya michoro ambavyo mafundi wengine walivificha kinyume cha sheria. Aliwaendea wazee waliokuwa hai, akawauliza. Akakusanya vyombo vya zamani vya simu. Mwaka 1996 mtambo ulipowashwa mbele ya watu, Flowers mwenyewe, mzee wa miaka 90, alikuwapo kuuona. Kazi ilikamilika mwaka 2007, na leo mtambo huo unatazamwa katika makumbusho ya kompyuta huko huko Bletchley Park.

Huenda ukauliza, je, mtambo uliojengwa upya ni historia au ni sanamu tu? Najibu kwamba ni historia, maadamu mtazamaji ameambiwa kweli, kwamba huu si ule wa kwanza. Mashine iliyokufa nyuma ya kioo ni kabati la nyaya, nayo haimfundishi kijana neno. Mashine inayofanya kazi hufundisha: utepe hukimbia, valvu hutoa joto, na kijana huona kwamba kuhesabu ni kazi yenye mwendo na jasho, si uchawi uliofungiwa ndani ya simu yake.

Sasa jitazame wewe. Mwaka ule ule wa 2007 M-Pesa ilianza katika nchi yetu, na mawakala wake wakaandika kila malipo kwa mkono katika daftari. Daftari hizo ziko wapi? Simu za kwanza za wazazi wetu ziko wapi? Hakuna amri iliyotolewa tuzichome. Uzembe wetu unatosha. Basi muulize wakala mzee kabla hajasahau, andika tarehe nyuma ya picha, na ukipata daftari kuukuu usiifungie vitumbua. Sale alipata vipande vya kuanzia kwa kuwa walikuwapo waliovihifadhi. Atakayekuja kututafuta sisi, atakuta nini?