Kamba, gia na herufi L: historia fupi ya kushuka Bonde la Ufa

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, ingawa tutairudia kabla hatujaagana.

Mwezi uliopita nilikuwa nikishuka kutoka Mau Summit kwenda Nakuru kwa gari langu la mtumba kutoka Japani, otomatiki. Kando yangu alikaa mjomba, ambaye aliendesha malori kwenye barabara hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu. Tulipopita Sachangwan akaanza kunusanusa.

"Kijana, hizo ni breki zako zinaungua."

"Mjomba, hii ni otomatiki. Inajibadilishia gia yenyewe."

"Na imejuaje kwamba hapa ni mteremko? Rudisha gia!"

Nikavuta mkono wa gia kutoka D hadi 2. Injini ikanguruma, na gari likapunguza mwendo kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Niliona haya. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini sikuwahi kujiuliza gari langu linajua nini na halijui nini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na hesabu. Lori la tani 50 likishuka mita 500 kwenda chini, uzito wake unatoa nguvu ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 700 za maji. Nguvu hiyo haipotei, lazima iende mahali. Historia ya usafiri katika bonde letu ni historia ya watu waliotafuta pa kuipeleka.

Wa kwanza walikuwa wajenzi wa reli ya Uganda. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Mbele yake kulikuwa na ukingo wa bonde, mkali mno kwa treni. Wakati njia ya kudumu ikijengwa, wahandisi walitandika reli za muda zilizoteremka moja kwa moja na kufunga mabehewa kwa kamba za chuma. Behewa lenye mzigo likishuka, uzito wake ulivuta jingine kulipandisha. Yaani nguvu ya mteremko ilipewa kazi! Mtambo huo ulitumika mpaka njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901, na Desemba mwaka huohuo reli ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo.

Kisha yakaja magari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mateka wa Kiitaliano walijenga barabara inayoshuka ukingo huo kuelekea Mai Mahiu. Kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado lipo kando ya barabara. Gari halina behewa jingine la kulivuta juu. Dereva ana breki, ambazo hugeuza nguvu yote kuwa joto, na ana injini.

Injini inasaidiaje? Ukiwa kwenye gia ya chini na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini ya petroli inahangaika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa, na hangaiko hilo linalizuia gari. Ya dizeli haina mlango huo. Hewa inayobanwa ndani yake husukuma pistoni kurudi, na karibu nguvu yote inarejea.

Clessie Cummins, Mmarekani aliyetengeneza injini za dizeli, aliujua udhaifu huo kwa kuponea chupuchupu. Mwaka 1931 alikuwa kwenye lori la dizeli akishuka Cajon Pass huko California, breki zikazidiwa, na chini kabisa treni ilikuwa ikikatiza barabara. Wazo lililotokana na siku hiyo alilitengeneza miaka ya 1950: mara hewa inapokuwa imebanwa, vali ifunguliwe na hewa itoke, isipate nafasi ya kusukuma pistoni. Kampuni ya Jacobs ilianza kuuza breki hiyo mwaka 1961.

Magari madogo nayo yalikuwa yakipata otomatiki. General Motors ilitoa Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwetu sisi wa programu giaboksi hiyo ni kitu cha ajabu: kompyuta isiyotumia umeme! Shinikizo moja la mafuta lilipima mwendo, jingine lilifuata mguu wa dereva, na vali zikaamua. Kanuni yake ni rahisi: KAMA mguu umetoka kwenye mafuta NA mwendo ni mkubwa, BASI panda gia. Kwenye tambarare ni sawa kabisa. Kwenye mteremko ni kosa, maana gia ya juu inamwachia dereva breki peke yake. Kanuni haina kosa la mantiki, ila imekosa taarifa moja: mteremko. Ndiyo maana watengenezaji walibakiza nafasi ya gia ya chini, ambayo leo tunaiona kama 2 na L. Miaka ya 1990 Honda na wengine walianza kuifundisha kompyuta ya gari kutambua mlima, lakini magari mengi barabarani bado yanamtegemea dereva. Na wengi wetu hatukusoma kitabu cha gari, kwa sababu kimeandikwa Kijapani.

Sasa Salgaa. Kwa miaka mingi madereva wa malori wamelaumiwa kwa kushuka hapo wakiwa nyutro ili kubana mafuta. Sisemi hicho ndicho chanzo cha kila ajali. Lakini hesabu yenyewe ni mbovu. Injini za kisasa hukata mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa kwenye gia, mguu ukiwa umetoka. Ukiweka nyutro, injini inabidi inywe mafuta ili isizimike. Na lori likishashika kasi, kuirudisha gia ni vigumu sana, mara nyingine haiwezekani. Tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani liliua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliosimama kando ya barabara. Hawakuwa wameshika usukani wowote.

Kwa hiyo, ndugu mwenye otomatiki: zima overdraivu au weka 2 ukiwa bado juu, kabla mwendo haujachanganya. L ni ya mwendo mdogo na mlima mkali. Usiogope injini ikinguruma, hiyo ni kazi yake. Breki zikanyagwe kwa vipindi, zipumue.

Tulipofika Nakuru nilimuuliza mjomba yeye alifundishwa wapi haya yote. Akacheka.

"Na utingo wangu. Alikuwa akishuka miguu, anasema atanikuta chini, mpaka nibadilishe gia."