Kito Kisomwacho: Bizimu la Maombolezo la Uingereza na Mipaka ya Tafsiri

Tafsiri ya jina la kitu haitoshelezi iwapo desturi inayokibeba kitu hicho haijaeleweka. Hoja hiyo ndiyo msingi wa mhadhara huu, na kielelezo chake ni bizimu la vito lililovaliwa na wafiwa nchini Uingereza, hususan katika karne ya 19. Bizimu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kibanio cha mkanda au vazi. Mfasiri hana shida na umbo lake. Shida inaanza pale inapobidi aeleze kwa nini mtu aliyefiwa avae kito.

Desturi hiyo ina historia ndefu. Katika wosia wake wa mwaka 1616, Shakespeare aliwaachia waigizaji wenzake watatu, John Heminges, Richard Burbage na Henry Condell, fedha za kununulia pete za kumkumbuka. Baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, wafuasi wake walivaa vito vyenye picha yake. Kufikia karne ya 18, pete na mabizimu ya namna hiyo yalikuwa na kanuni zake: maandishi ya jina, umri na tarehe ya kufa yalizungushwa juu ya enameli, nyeusi kwa kawaida, na nyeupe kwa marehemu aliyekuwa mtoto au ambaye hakuwahi kuoa wala kuolewa. Chini ya kioo kulihifadhiwa nywele za marehemu, zikiwa zimesukwa au kupangwa kwa ustadi.

Kilele cha desturi hii kilifuatia kifo cha Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, tarehe 14 Desemba 1861. Malkia aliendelea kuvaa nguo za msiba hadi alipofariki tarehe 22 Januari 1901, na raia wake wengi waliiga mwenendo wake. Kito kilichonufaika zaidi ni jeti. Jina hili lisichanganywe na lile la ndege. Jeti ni mti wa kale, wa jamii ya araukaria, uliozama na kugandamizwa kwa takriban miaka milioni 180 hata ukawa mweusi kama makaa. Ilichimbwa kando ya mji wa Whitby, kaskazini mwa Uingereza, ambako katika miaka ya 1870 zaidi ya watu 1,000 waliishi kwa kuichonga. Wasioimudu walivaa kioo cheusi au mpira mgumu uliotengenezwa kiwandani. Mkono huweza kuvitofautisha: jeti ni nyepesi na haina baridi, ilhali kioo ni kizito na baridi.

Jambo linalomhusu zaidi mwanaisimu ni kwamba vito hivi vilisomwa. Lulu ziliashiria machozi. Weusi wa jeti ulikuwa wa kipindi cha maombolezo mazito, na amethisti, yenye rangi ya zambarau, ilikuwa ya kipindi cha mwisho, ambapo mjane alianza kurejea katika rangi baada ya takriban miaka miwili. Aidha, masonara wa mwanzoni mwa karne ya 19 walipanga vito ili herufi za kwanza za majina yake ziunde neno. Vito sita, kuanzia yakuti nyekundu hadi almasi, viliendeleza neno la Kiingereza lenye maana ya heshima na mapenzi. Hizo zilikuwa zaidi zawadi za wapendanao kuliko alama za msiba, lakini zinathibitisha kwamba mvaaji na mtazamaji walizoea kusoma vito. Kwa Kiswahili neno hilo husambaratika papo hapo: jiwe la kwanza huanza kwa Y, na la pili, zumaridi, kwa Z.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kikwazo kikubwa zaidi si herufi bali desturi. Miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda kwa miezi minne na siku kumi, isipokuwa akiwa mjamzito, ambapo eda yake huisha anapojifungua. Katika muda huo huitwa kizuka, na hujiepusha na dhahabu, vito, manukato, wanja na hina. Nywele zinazodondoka wakati maiti anapooshwa hutiwa ndani ya sanda na kuzikwa pamoja naye. Hazibaki kwa walio hai. Kwa hiyo, msiba wa Uingereza ulisomwa katika kilichovaliwa, na wa pwani husomwa katika kilichovuliwa.

Hata hivyo, tofauti hiyo isitiliwe chumvi. Waingereza nao walijua kuvua: katika kipindi cha kwanza mjane hakutakiwa kuvaa kitu kinachometameta, na jeti ilikubalika kwa sababu ingeweza kuachwa bila kung'arishwa. Vilevile, jamii zote mbili ziliweka muda wa huzuni na kumpa mjane dalili za nje ambazo wengine wangezitambua na kuziheshimu bila kumuuliza.

Kwa mintarafu hiyo, istilahi inayoweza kumjia mfasiri kwanza, yaani "pambo la msiba", haifai. Katika Kiswahili pambo ni la furaha, na aliyefiwa hajipambi. Msomaji atadhani kwamba Waingereza walifanyia mzaha wafu wao. "Ukumbusho wa marehemu" ni sahihi kwa maana, ila hauonyeshi kwamba kitu hicho huvaliwa. "Bizimu la maombolezo" lina upungufu wake, lakini linataja kazi ya kitu pamoja na hali ya mvaaji, na halimlazimishi msomaji kuona mapambo pasipokuwa na mapambo.

Uteuzi huo una uzito nje ya kamusi. Mabizimu haya sasa yamo katika makumbusho na minada, na baadhi yameondolewa nywele ili yawavutie wanunuzi. Yakiitwa mapambo ya kale, husomwa dhahabu na kito tu. Yakiitwa kwa jina linalotaja maombolezo, mtazamaji huligeuza bizimu, akatafuta nyuma yake jina, umri na tarehe, na pengine akakuta enameli nyeupe na miaka ya mtoto aliyekufa kabla hajajua kusoma. Huyo ndiye aliyekusudiwa kukumbukwa, na tafsiri isiyomfikia haijakamilika.