Michoro ya Wayeye wa Usukuma na Safari ya Picha kutoka Ukutani hadi Kioo cha Kompyuta

Wanaotaja Shinyanga na Geita mara nyingi hutaja yale yaliyomo chini ya ardhi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hata 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Lakini nchi hiyo ya Wasukuma ina hazina nyingine isiyopimwa kwa mizani, nayo ni michoro ya kutani ya Wayeye, yaani chama cha mafundi wa nyoka.

Wayeye hawakuwa wachezaji wa ngoma tu, ijapokuwa kucheza na nyoka hadharani ndiko kulikowapatia sifa. Kazi yao ya asili ilikuwa kuwajua nyoka, kuwakamata, na kuwatibu walioumwa. Elimu ya namna hiyo ina thamani kubwa katika nchi ya wakulima na wachungaji, ambao kutwa nzima miguu yao imo majanini. Wala haikutolewa kwa kila aliyeitaka: mwanafunzi aliingizwa chamani kwa taratibu, akafundishwa dawa, masharti na mambo ya siri. Nyumba iliyotumika kwa mafunzo hayo ilichorwa kutani kwa ndani picha za nyoka, za watu, na za viumbe wa masimulizi ya chama.

Tukitazama jinsi picha hizo zilivyopatikana, twaona kwamba hatua za kazi ya mchoraji ni za zamani kuliko karatasi. Ukuta wa udongo ndio uliokuwa ukurasa, na rangi zilikuwa chache, nyeupe, nyekundu na nyeusi. Rasimu haikuwekwa mahali popote ila katika kumbukumbu ya fundi, ambaye naye aliipokea kwa waliomtangulia. Tena mchoro ulipokwisha kukauka, kazi ilikuwa bado haijatimia. Mwanafunzi aliyeuona bila mwalimu aliona nyoka tu. Mwalimu aliposema, ndipo nyoka yule alipogeuka kuwa somo. Basi hatua ya mwisho ya mchoro ilikuwa maelezo ya mdomo.

Mwaka 1953 picha hizo zilitoka nje ya nyumba zake. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika Serikali ya Tanganyika, alichapisha London kitabu juu ya michoro ya kutani ya mafundi wa nyoka. Alikuwa ameandika pia juu ya watemi na sheria za Wasukuma, na baada ya kufa kwake mwaka 1962 hati zake nyingi zilihifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Faida ya kitabu chake ni dhahiri, kwani nyumba ya udongo haidumu: paa likivuja mvua mbili tatu, ukuta huporomoka pamoja na picha zake. Lakini hasara nayo haifichiki. Kilichokuwa siri ya walioapa kikawa mali ya kila mwenye fedha ya kununua kitabu, na somo lililosemwa kwa Kisukuma likabaki kama maelezo mafupi kwa Kiingereza.

Kazi ya kunakili ilipata utaratibu mwingine huko Kondoa. Mwaka 1951 Mary Leakey alikwenda kunakili michoro ya mapangoni, akitandaza karatasi angavu ya selofeni juu ya mwamba na kufuatisha mistari. Kisha mistari hiyo ilihamishiwa kwenye karatasi ya kuchorea, ikalinganishwa na asili yake, ikapunguzwa ukubwa na kutiwa rangi. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1983. Hapo mtu aliweza kuigusa picha bila kuiharibu, kwa kuwa aliweka tabaka juu ya tabaka.

Mchoraji wa kidijiti wa leo hutumia hila iyo hiyo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa Marekani alieleza programu yake ya Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya nuru juu ya kioo cha kompyuta. Na mwaka 1994 programu ya Photoshop ikaongezewa tabaka. Tangu hapo utaratibu umekuwa huu: tabaka la chini hubeba rasimu iliyofifia, juu yake huchorwa mistari safi, chini ya mistari hutandazwa rangi za msingi, kisha huja vivuli na mwanga, na mwisho rasimu hufichwa, ikabaki picha kamili. Kosa likitokea hufutwa bila kovu, jambo ambalo fundi wa ukutani hakujaliwa.

Hata hivyo wepesi huo una hatari yake. Kijana wa Shinyanga au Geita aweza leo kuichukua nakala ya nyoka wa Wayeye, akaiweka katika tabaka la chini, akaifuatisha na kuitia rangi kwa saa chache, pasipo kujua nyoka yule alifundisha nini. Picha yake yaweza kupendeza kuliko ile ya ukutani, nayo ikawa pungufu kuliko ile. Wala faili si mwamba: chombo kikiharibika, nalo hupotea kama ukuta ulioloa mvua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa michoro ya Wayeye daftari lipo. Kilicho haba ni msomaji wake. Katika makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Mwanza, kumbukumbu za vyama vya ngoma zimetunzwa, na vijijini wazee wangalipo. Mchoraji atakayeketi nao kabla ya kushika kalamu yake, akaandika kwa Kisukuma na Kiswahili yale wanayosema juu ya kila umbo, atakuwa ameirudisha ile hatua ya mwisho ambayo kitabu cha 1953 hakikuweza kuibeba yote.